Kazi ya nyumbani ao ya ofisini? Mbele ya kusaini, uliza nani atalipa umeme

Tangazo la kazi likiandika kwamba mtu anaweza kutumika akiwa popote, vijana wengi wa Goma na Bukavu wanatuma barua yao siku hiyohiyo. Inaeleweka. Mwezi wa kwanza 2025, serkali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya inje, na mashirika mengi katika Kivu yakapunguza wahasibu, walojistiki na maofisa wa miradi. Vita nayo ikafunga ofisi zingine. Kwa aliyebaki bila mshahara, kazi ya kompyuta inaonekana kama mlango wa mwisho ulio wazi.

Lakini neno hilo "popote", kwa mkaaji wa Ndosho ao wa Panzi, ni lupango fulani yenye umeme unaokuja ao usiokuja. Ofisi ya Himbi ina jenereta, betri, sola na mtandao ambao mkubwa wa kazi analipa. Mfanyakazi akirudi nyumbani, gharama hizo zinamfuata. Mita yake ni ya kulipia mbele, na kompyuta inakula uniti zilezile za taa na frigo. Mega zinakwisha katikati ya mkutano. Na mvua ikianza kupiga manjanja, hata mega zikiwepo, hakuna anayesikia mwenzake.

Tuseme mtu ana matoleo mawili: dola 500 za kazi ya nyumbani, na dola 430 za kazi ya ofisini yenye usafiri. Akitoa dola 45 za mega, 20 za umeme, na 40 za mahali pa kukaa siku umeme unapokatika, zile 500 zimekuwa 395. Ni mfano tu. Kila mtu aweke bei za kartiye yake. Lakini hesabu ifanywe mbele ya kusaini. Tena, sheria ya kazi ya 2002 haihesabu feza za usafiri, za makao na matunzo ya afya kuwa sehemu ya mshahara. Kwa hiyo asiyeuliza juu ya hayo anaweza kukataa kazi ya ofisini akiiona ndogo kuliko ilivyo.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa popote. Nyumba nyingi za Goma zimepokea ndugu waliokimbia vita, na chumba cha kufungia mlango ni bahati. Mwanamke ndiye anaumia zaidi: akiwa mbele ya kompyuta, jirani na hata mama mkwe wanaona kwamba anakaa tu. Anatumwa sokoni, mtoto analetwa, wageni wanaingia. Kazi yake inaanza kweli wakati wengine wamelala.

Saa nazo zina mambo yake. Goma inatangulia Kinshasa kwa saa moja, na hiyo si shida. Lakini mtu anayetumikia kampuni ya New York, wenzake wakianza saa 3 asubuhi kwao, kwake ni saa 9 ao saa 10 alasiri, na wakifunga ni karibu saa 6 usiku. Sheria ya Kongo inaweka mpaka wa saa 45 kwa juma. Nani atahesabu saa za mtu anayejibu WhatsApp akiwa kitandani?

Kisha kuna mshahara wenyewe, unapita wapi? Benki zilipofunga milango Goma mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, wenye feza kwenye konti walilazimika kuzitoa kupitia simu. Noti zilikuwa chache, na makamisheni yakapanda. Wengine walivuka mpaka kwenda Gisenyi. Mtu anayelipwa kutoka mbali aulize njia ya malipo na nani atabeba makato.

Kazi ya kuchanganya, siku kadhaa ofisini na zingine nyumbani, ndiyo inafaa wengi katika miji yetu. Lakini iwe na siku zilizoandikwa, na mfanyakazi awe na ruhusa ya kwenda ofisini siku ambayo nyumbani hakuna umeme. Bila hiyo, analipa mara mbili: motari wa kwenda kazini, na mega za nyumbani. Aliyehamia Sake kwa sababu kodi ya nyumba ni nafuu aulize pia nani ataamua siku ambayo barabara si salama. Kwa anayeanza kazi ya kwanza, ofisi bado ina faida kubwa: pale anaona namna dosiye inavyopita, na makosa yake yanasahihishwa mbele ya kutumwa kwa mkubwa. Na kuna kazi ambazo hazina mjadala. Anayeongoza mashine katika mgodi wa Kolwezi hawezi kuifanya akiwa nyumbani.

Jambo la mwisho la kutazama ni jina lililoandikwa kwenye kontrati. Mfanyakazi wa kampuni iliyo Kongo anakatwa asilimia 5 kwa ajili ya CNSS, na mkubwa wa kazi anaongeza asilimia 13. Hapo ndipo pensheni yake inatoka. Anayesaini na kampuni ya inje kama mshauri wa kujitegemea kwa kawaida hana hayo, hata akitumika kila siku kama wengine. Wakigombana, wa kwanza anaenda kwa mkaguzi wa kazi, ambaye anaita pande mbili kupatanishwa. Wa pili, mshahara wake ukikosa miezi miwili, barua ya mwito haina mlango wa kubishia: kampuni haina ofisi Goma, wala Kinshasa.