Fahamu: Kwa nini Wamarekani weusi wengi hawamiliki nyumba

Nchini Marekani, zaidi ya kaya 7 kati ya 10 za wazungu zinaishi katika nyumba zao wenyewe. Za weusi hazifiki 5. Kuanzia 1934 serikali ilidhamini mikopo ya nyumba, ila si katika mitaa ya weusi.

Huko North Lawndale, Chicago, madalali waliwatia wazungu hofu ya majirani weusi, wakanunua nyumba zao kwa bei ya chini, kisha wakawauzia weusi, waliokosa mikopo hiyo, kwa bei ya juu mno, kwa mkataba wa kulipa kwa awamu. Ukikosa rejesho moja, nyumba na fedha zote zimekwenda. Huo ulikuwa unyang'anyi.

Sheria ya 1968 ilipiga marufuku ubaguzi katika makazi. Lakini wajukuu wa walionyang'anywa bado wanatafuta nyumba bila urithi.