Rubani Atashukia Wapi?

Kwetu huku, helikopta ni mgeni wa msimu. Uchaguzi unapokaribia, mvumo wake husikika juu ya michai ya Kericho na Bomet. Wachumaji huinua nyuso, na watoto wa shule hukimbilia uwanjani kabla mapanga hayajatulia. Nami nimewahi kuwa miongoni mwa waliokimbia, ilhali kichwa changu kilikwisha kuota mvi.

Siku hizi sikimbii. Huutazama mteremko, mikaratusi na nyaya za umeme, nikajiuliza: injini ikizimika sasa hivi, rubani huyu atashukia wapi?

Swali hilo si uchuro. Tarehe 10 Juni 2008 tuliwapoteza Kipkalya Kones, Mbunge wa Bomet, na Lorna Laboso wa Sotik, ndege yao ndogo ilipoanguka Narok wakielekea Kericho, siku moja kabla ya uchaguzi mdogo wa Ainamoi. Miaka minne baadaye, tarehe iyo hiyo, helikopta ya polisi ilianguka Ngong ikawaua Profesa George Saitoti, Orwa Ojode na wenzao wanne. Kisha mnamo Juni 2021 helikopta ya jeshi iliyokuwa katika safari ya mafunzo ikaanguka Ol Tepesi, Kajiado, wakafa wanajeshi wasiopungua kumi.

Habari za Kajiado zilipotufikia, jirani yangu mmoja aliguna: "Vita hakuna, mazoezi ya nini?" Wengi walimuunga mkono. Mimi sikubaliani nao.

Msomaji asidhani kwamba helikopta iliyozimika injini lazima ianguke kama jiwe. Rubani akiwahi kuushusha wenzo ulio kando ya mkono wake wa kushoto, mapanga hulala, na hewa inayopanda kutoka chini huendelea kuyazungusha. Akikaribia ardhi huinua pua ya chombo ili kupunguza mwendo, kisha huuvuta ule wenzo, na nguvu iliyosalia katika mapanga hukipokea chombo kisijibwage. Nafasi ni moja tu. Katika helikopta ndogo kama Robinson R22, kuchelewa kwa sekunde moja au mbili hutosha kuyapotezea mapanga kasi isiyorudi tena. Ndiyo maana mwaka 1995 Marekani iliweka masharti maalumu ya mafunzo kwa marubani wa aina hiyo.

Jambo kama hilo halifundishiki ubaoni. Sharti mwalimu apunguze nguvu ya injini huko huko angani, na mwanafunzi ashuke kwelikweli. Waama, hapo ndipo penye hatari, maana ardhi imekaribia na kosa halina muda wa kusahihishwa. Kwa hiyo mara nyingi mwalimu huirudisha nguvu ya injini kabla ya kugusa chini. Yako mazoezi yaliyoua watu. Hata hivyo, rubani asiyewahi kuyafanya atayafanya kwa mara ya kwanza siku ambayo amebeba abiria.

Aidha, mazoezi ya nchi tambarare hayaitoshelezi milima yetu. Kericho iko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na chombo kisicho na injini hushuka upesi zaidi. Nalo shamba la chai, ukilitazama kutoka juu, utadhani ni zulia. Muulize mpogoaji akueleze vilivyo chini ya zulia hilo: mashina magumu ya miaka mingi, yaliyopandwa mteremkoni, ambako guu moja la helikopta likikwama chombo chote hupinduka.

Basi wanaokodi helikopta kuja kwetu na wamuulize rubani ni lini mara ya mwisho alipofanya mazoezi ya kushuka bila injini, na katika mwinuko gani. Wanaochunguza ajali, zikiwamo za mafunzo, watangaze walichokiona, ili rubani mwingine ajifunze kabla ya kuzikwa.

Nasi wenyeji tusijitoe lawamani. Katika vijiji vingi vya huku, uwanja wa shule ndio mahali pekee palipo tambarare. Tunapoujaza watu ilhali chombo kingali angani, tumemfungia rubani mlango aliobakiwa nao.