Kutoka Dallas ya Embu hadi Dallas ya Texas

Mjini Embu kuna mtaa wa watu wa kipato cha chini uitwao Dallas. Kijana anayetoka huko, au Meru jirani, kwenda kusoma katika Dallas ya Texas hukuta kwamba kinachofanana ni jina tu.

Umbali ndio somo la kwanza. Aliyezoea kuita bodaboda mlangoni hujikuta kando ya barabara kuu ambako karibu kila mtu ana gari. Mabasi na treni za DART, shirika la usafiri wa umma la huko, zipo, ila hazifiki kila kona. Ndiyo maana chumba kilicho karibu na kituo chaweza kuwa na faida kuliko cha bei nafuu kilicho mbali. Hata Chuo Kikuu cha Texas cha Dallas kwa sehemu kubwa kiko Richardson, mji ulio kaskazini mwa Dallas.

Pesa nazo zina masharti. Mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 anaweza kufanya kazi chuoni, si zaidi ya saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea. Kibarua cha nje bila kibali kinaweza kumpotezea haki ya kukaa nchini. Familia ielezwe hili mapema, kabla haijaanza kungojea dola.

Kisha kuna upweke, na saa zenyewe hazisaidii. Saa 4 usiku mwezi wa Septemba, mwanafunzi anapofunga vitabu, Embu ni saa 12 asubuhi ya siku inayofuata. Mama anabandika chai. Huo ndio wakati mzuri wa kupiga simu.