Kisukari: Figo Huumia Kimyakimya
Mwenye kisukari aina ya pili asisubiri kuvimba miguu ndipo aulizie figo zake. Figo huanza kudhurika bila maumivu. Dalili ya awali ni albumini, aina ya protini, kuvuja katika mkojo: miligramu 30 hadi 300 kwa gramu moja ya kreatinini. Kijiti cha kawaida cha kupimia mkojo huweza kutoionesha. Mara nyingi lehemu mbaya nayo huwa imepanda, na yote mawili huhatarisha moyo. Basi kila mwaka, tangu ugonjwa ugundulike, omba vipimo vya albumini na lehemu. Sukari, shinikizo la damu na lehemu vikidhibitiwa mapema, figo huweza kunusurika. Afya ni amana. Anayenuia kufunga Ramadhani amuone daktari kwanza.