Filamu za Mathare na Kisa cha Basi la Mandera



Huku pwani, ikitajwa Eastlands ya Nairobi, aghalabu mawazo hukimbilia fujo na matatu zenye kelele. Wachache hukumbuka kwamba Majengo ya Pumwani, iliyoanza mapema katika miaka ya 1920, ni mtaa wa Waislamu na wa Kiswahili tangu hapo, na kwamba nyumba zake za kale zilijengwa kwa mpango wa nyumba zetu: ukumbi katikati, vyumba huku na huku. Watu wa huko ni jamaa zetu. Basi wanachokitazama watoto wao kinatuhusu.

Si mbali na hapo, katika Mathare, mwaka 2006 ulianzishwa mradi wa Slum-TV wa kuwafunza vijana kushika kamera na kuyasimulia maisha ya mtaa wao. Mwaka 2011 ukaanza Slum Film Festival, tamasha la filamu za mitaa ya mabanda, Mathare na Kibera. Pazia hutandazwa uwanjani jua likishakuchwa, na anayepita njia husimama akatazama.

Nawajua wanazuoni wenzangu wanaokereka kwa neno sinema. Siwalaumu, mengi yanayoonyeshwa hayafai kutazamwa na mtu na binti yake. Lakini kijana aliyejifungia chumbani na simu, nani ajuaye anatazama nini? Uwanjani yuko mama, yuko jirani, pengine yuko na imamu wa mtaa. Filamu ikikiuka adabu, hatakosekana wa kukohoa.

Lau ningekuwa na mamlaka, iko filamu moja ambayo ningeitandazia pazia katika kila uwanja wa Eastlands: Watu Wote, ya mwaka 2017. Asili yake ni tukio la kweli. Novemba 2014, Al-Shabaab walilisimamisha basi lililotoka Mandera kuja Nairobi, wakawatenga wasio Waislamu, wakaua watu 28. Desemba 2015 wakalivamia basi jingine, hili likielekea Mandera, wakaamuru abiria wajitenge vivyo hivyo. Waislamu wakakataa. Wanawake waliwavika Wakristo mitandio yao ili wasitambulikane. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo, na Januari iliyofuata akafariki. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Filamu inamfuata Jua, mwanamke Mkristo aliyepanda basi hilo akiwa na donge moyoni juu ya Waislamu, wala haifichi donge lake. Nguo ambayo wengine huiita gereza la mwanamke, hapo inakuwa ngome ya mwanamke mgeni.

Ilipata tuzo ya Oscar ya wanafunzi mwaka 2017, na mwaka 2018 ikateuliwa kuwania Oscar yenyewe. Linaloniuma ni hili: mwongozaji wake, Katja Benrath, ni Mjerumani, na kazi hiyo ilikuwa ya kuhitimu chuo huko Hamburg. Tunamshukuru. Lakini kisa cha barabara yetu, cha mwalimu wetu na mitandio ya mama zetu, kwa nini kimngoje mtu wa Hamburg? Eastleigh na Mathare ni majirani. Mabinti wenye hadithi wapo. Wanachokosa mara nyingi ni idhini ya baba. Nami nasema wapewe, kwa mipaka ya adabu inayojulikana, kama tunavyowapa kwenda kusomea uuguzi.

Nyingine ni Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018. Jo, msichana mdogo ambaye maradhi yake hayana tiba, amependa mno mashujaa wa filamu. Dada yake anakishawishi kijiji kizima kimfanye aamini kwamba ana nguvu za ajabu, ilhali mama anataka mwanawe atulie kitandani. Je, yafaa kumdanganya mtoto kwa huruma? Mimi naelemea upande wa mama. Mke wangu ananipinga, na mjadala wetu haujesha.

Kwa wenye watoto: Watu Wote haifiki nusu saa, lakini ina bunduki na damu, basi wadogo walazwe kwanza. Supa Modo ni ya saa moja na robo hivi. Wa miaka kumi aitazame, mama akiwa ubavuni na leso karibu.