Matembezi katika Vilima vya Chaki: Shauri kwa Vijana Wetu Walio Uingereza



Katika ukurasa huu tumekuwa tukizungumza juu ya magonjwa yanayotusumbua hapa nyumbani. Mwezi huu tunapenda kuwageukia watoto wetu walio mbali. Familia nyingi siku hizi zina mtoto, ndugu au jirani anayefanya kazi Uingereza, na wengi wao ni wauguzi kama sisi. Mwaka 2021 serikali ya Kenya na ile ya Uingereza zilitia sahihi mapatano juu ya ajira ya watumishi wa afya, na wengine kutoka Afrika Mashariki walikuwa wamekwisha tangulia miaka mingi kabla ya hapo.

Vijana hawa wanawatunza wagonjwa wa watu usiku na mchana. Je, wao wenyewe wanatunzwa na nani? Mtu akitoka zamu ya usiku hujifungia chumbani, hula chakula cha haraka, hulala, kisha hurudi kazini. Siku ya mapumziko nayo hupita kitandani kwa sababu nje kuna baridi. Maisha ya namna hii yakiendelea, mwili hunenepa, shinikizo la damu hupanda, usingizi hupotea na moyo huingiwa na upweke. Basi tunawapa shauri moja lisilo na gharama kubwa: tokeni nje mkatembee. Na kusini mwa nchi hiyo kuna mahali panapofaa sana kwa matembezi, yaani vilima vya chaki.

VILIMA HIVI NI VYA NAMNA GANI?

Chaki ya asili ni jiwe jeupe, laini, la jamii ya chokaa. Zamani za kale, zaidi ya miaka milioni 66 iliyopita, sehemu hizo zilifunikwa na bahari. Viumbe vidogo mno visivyoonekana kwa macho vilikufa, na magamba yao yakatulia chini ya bahari, tabaka juu ya tabaka. Baadaye ardhi iliinuka, na ile tope nyeupe iliyokwisha kuwa jiwe ikawa vilima. Ndani yake hupatikana pia mawe magumu ya gumegume, ambayo watu wa kale walitengenezea zana na watu wa baadaye wakajengea nyumba na makanisa.

Vilima hivi si virefu. Ditchling Beacon, ulio maarufu katika safu ya South Downs, una mita 248 tu. Mtu asiyezoea milima anaweza kuupanda bila kamba wala kiongozi, akienda polepole. Juu yake kuna majani mafupi yanayolishwa na kondoo, na katika mita moja ya mraba ya majani hayo huweza kuota aina hata 40 za mimea. Wakati wa kiangazi cha huko mtu huona maua ya okidi na vipepeo wa rangi ya buluu.

Jambo moja la kukumbuka: maji ya mvua hupenya katika chaki na kuzama chini, kisha hutokea kama chemchemi miguuni pa vilima. Kwa hiyo juu huwa pakavu, na mtembezi hatakutana na kijito njiani. Maji ya kunywa achukue mwenyewe.

MAHALI PA KUTEMBELEA

Aliyeko London aanze na Box Hill, kilima cha mita 224 katika safu ya North Downs. Treni hufika karibu kabisa na hapo. Chini yake unapita mto Mole, na watu huuvuka kwa kukanyaga mawe yaliyopangwa majini.

Aliye karibu na Brighton aende Devil's Dyke, bonde kavu lenye kina cha mita 100 hivi. Wenyeji wana hadithi kwamba shetani alilichimba ili bahari iingie na kuyazamisha makanisa. Wataalamu wanasema bonde hilo lilichimbwa na maji ya theluji iliyoyeyuka, nyakati za baridi kali ya kale.

Kwa wapendao bahari kuna Seven Sisters, majabali meupe yaliyopangana kama ndugu saba, na karibu yake Beachy Head, lenye mita 162, jabali la chaki lililo refu kuliko yote ya pwani ya Uingereza.

Na huko Uffington kuna farasi mweupe mwenye urefu wa mita 110 hivi, aliyechorwa ubavuni mwa kilima kwa kuchimba mitaro na kuijaza chaki. Ana umri wa miaka 3,000 hivi. Asiposafishwa, majani humfunika akapotea. Amedumu kwa sababu kila kizazi kimerudi kumpalilia. Afya yetu nayo ni hivyo hivyo: haitunzwi kwa siku moja, hupaliliwa mara kwa mara.

NJIA YA MAHUJAJI

Sisi Wakatoliki tunayo sababu nyingine ya kuvipenda vilima hivi. Tarehe 29 Desemba 1170, Askofu Mkuu Thomas Becket aliuawa ndani ya kanisa lake kuu la Canterbury. Mwaka 1173 alitangazwa mtakatifu, na kwa miaka mingi mahujaji walikwenda kusali kaburini pake, hadi lilipobomolewa mwaka 1538. Mapokeo yasema kwamba waliotoka Winchester walifuata miteremko ya North Downs, na hata leo njia hiyo huitwa Njia ya Mahujaji. Karibu nayo, huko Aylesford, wapo watawa Wakarmeli. Walifika mara ya kwanza mwaka 1242, wakafukuzwa mwaka 1538, wakarudi mwaka 1949. Masalia ya Mtakatifu Simoni Stock yamehifadhiwa hapo. Mtu anaweza kutembea asubuhi, akasali hapo mchana, akarudi kwake jioni ameshiba mwili na roho.

Msiogope kupita katika mashamba ya watu. Sheria ya nchi hiyo inazilinda njia za umma, hata zikipita ndani ya shamba la mtu. Mshale wa manjano huonyesha njia ya waendao kwa miguu, na alama ya tunda la mwaloni huonyesha njia kuu za kitaifa, kama ile ya South Downs yenye kilomita 160 kutoka Winchester hadi Eastbourne. Fuateni njia, fungeni mageti, wala msiwasumbue kondoo.

FAIDA KWA AFYA

Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 au zaidi kila juma. Kutembea kwa haraka kidogo kunatosha. Kipimo ni rahisi: uweze kuzungumza lakini usiweze kuimba. Matembezi ya namna hii husaidia kushusha shinikizo la damu, huwezesha mwili kuitumia sukari vizuri, huimarisha mifupa, huleta usingizi na kupunguza huzuni. Na ukienda pamoja na wenzako wa parokia, upweke nao hupungua.

Hapa tuseme wazi jambo ambalo wengi hawalijui. Ngozi nyeusi hutengeneza vitamini D polepole, na jua la Uingereza ni hafifu. Kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi halitoshi kabisa, hata mtu akishinda kilimani. Ukosefu wa vitamini hii hudhoofisha mifupa na misuli, na watoto hupata matege. Kwa hiyo wataalamu wa afya wa huko wanawashauri watu wenye asili ya Afrika wafikirie kumeza mikrogramu 10 za vitamini D kila siku, mwaka mzima. Matembezi hayachukui nafasi ya kidonge hicho, wala kidonge hakichukui nafasi ya matembezi. Pimeni kwa kiasi hicho, maana kuzidisha nako kuna madhara.

TAHADHARI

1. Kaeni mbali na ukingo wa majabali, angalau mita 5. Chaki humeguka ghafla bila dalili, hata pale majani yanapoonekana imara. Msikae pia chini ya jabali. Picha nzuri haifai kununuliwa kwa uhai. Pakitokea ajali pigeni 999.

2. Chaki iliyolowa huteleza kama sabuni. Vaeni viatu vyenye soli ya kushika, na koti la mvua, kwa maana hali ya hewa hubadilika upesi.

3. Jihadharini na kupe. Vaeni suruali ndefu, na mkirudi jikagueni mwili mzima. Ukimkuta kupe, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu bila kumponda. Kupe wengine huambukiza ugonjwa wa Lyme. Katika majuma yanayofuata, hata hadi miezi 3, ukiona alama inayopanuka kama duara, au ukipata homa na uchovu, nenda kwa daktari na umweleze habari za kupe. Juu ya ngozi nyeusi alama hiyo huweza kufanana na jeraha la kugongwa, basi tazameni vizuri. Ugonjwa huo hutibika kwa antibiotiki.

4. Mwenye kisukari akague miguu kabla na baada ya safari, na anayetumia insulini abebe kitu cha sukari. Mwenye selimundu avae nguo za joto na anywe maji mengi, kwa kuwa baridi na kiu huweza kumletea maumivu makali. Mwenye maumivu ya kifua amwone daktari kwanza.

5. Mwambieni mtu mnakokwenda na saa ya kurudi. Siku za Desemba kiza huingia saa kumi alasiri.

Wazee wetu walisema mtembezi hula miguu yake. Walimsema yule anayezurura bila sababu. Huyu wetu ana sababu, nayo ni kuutunza mwili aliopewa na Mungu ili aweze kuendelea kuwatunza wengine. Ninyi wazazi mnaposoma haya, msiwaulize watoto habari za mshahara tu. Waulizeni pia: umelala? umekula? umetembea? Na kama bado, waambieni waanze na nusu saa Jumapili hii baada ya Misa. Polepole ndio mwendo.