Tekken: Kisasi Kinachorithiwa na Kinyago Kinachorithishwa



Kijana anayekuja kwenye mafundisho ya Kipaimara Jumamosi asubuhi huenda Ijumaa jioni alikuwa kwenye kibanda cha gemu, pedi mkononi, akipigana na rafiki yake kwenye skrini. Walezi wengi tukisikia jina Tekken tunasema tu kwamba ni mchezo wa ngumi, tena una shetani ndani yake, na mazungumzo yanaishia hapo. Kijana naye ananyamaza, kwa sababu ameona kwamba hatujui tunachokizungumzia.

Katika makala hii tungependa kueleza jinsi mchezo huu unavyosimulia hadithi yake, mambo gani hujirudia toleo baada ya toleo, na kwa nini jambo hilo linawahusu wanaolea vijana katika imani. Hatukusudii kuusifia wala kuulaani. Tunataka kwanza uelewe.

Mchezo wenyewe

Tekken ilitengenezwa na kampuni ya Namco ya Japani, ambayo leo inaitwa Bandai Namco. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1994 kwenye mashine za kumbi za michezo, na mwaka uliofuata likaingia kwenye PlayStation. Jina lake kwa Kijapani maana yake ni "ngumi ya chuma". Toleo la nane lilitoka Januari 2024. Kwa hiyo ni hadithi moja iliyosimuliwa kwa miaka 30, na baadhi ya waliocheza toleo la kwanza leo wana watoto wanaocheza la nane.

Muundo wake unaeleweka upesi. Katika mchezo wa Street Fighter II wa mwaka 1991, vitufe sita viligawanywa kwa nguvu ya pigo: dogo, la kati na kubwa, kwa ngumi na kwa teke. Tekken ilichagua njia nyingine. Ina vitufe vinne, kila kimoja kwa kiungo kimoja cha mwili: mkono wa kushoto, mkono wa kulia, mguu wa kushoto, mguu wa kulia. Mgeni anaweza kushika pedi na kuanza kucheza hapo hapo, ingawa kuujua kweli kunachukua miaka. Utaratibu huo umebaki tangu mwanzo hadi leo.

Miisho mingi, ukweli mmoja

Kila toleo hujengwa juu ya mashindano ya kupigana, na kwa kawaida anayeyaitisha ni mkuu wa kampuni kubwa ya familia ya Mishima. Kila mpiganaji huja na sababu yake. Mmoja anatafuta fedha za kumtibu mgonjwa, mwingine anatafuta muuaji wa baba yake, mwingine anatafuta sifa tu. Ukishinda na mhusika yeyote, unaonyeshwa mwisho wake: kana kwamba yeye ndiye aliyeshinda mashindano yote.

Lakini miisho hiyo yote haiwezi kuwa kweli kwa pamoja. Toleo linalofuata ndilo linaloamua ni mwisho upi ulitokea na upi ulikuwa ndoto tu. Mfano mzuri ni Paul Phoenix, Mmarekani mwenye nywele zilizosimama wima. Katika toleo la tatu alimshinda kiumbe aitwaye Ogre, akaondoka akijiona bingwa. Hakujua kwamba nyuma yake Ogre alikuwa akigeuka kuwa na umbo la pili, la kutisha zaidi, na kazi ilikuwa bado. Tangu hapo Paul amekuwa mtu wa kuukosa ushindi kwa hatua moja, na wachezaji wanampenda kwa hilo.

Hata mambo ya zamani husimuliwa upya. Miaka mingi baada ya tukio, toleo jipya linaweza kukueleza sababu ambayo hukuijua. Tutaona mfano wake hivi punde.

Mlima, mtoto na volkano

Kiini cha hadithi ni familia ya Mishima. Heihachi Mishima alimtupa mwanawe Kazuya kutoka mlimani alipokuwa na umri wa miaka 5. Mtoto hakufa, akabaki na kovu kubwa kifuani, na kovu hilo huchorwa katika kila toleo analotokea. Heihachi akamchukua kijana mwingine, Lee Chaolan, akamlea kama mwanawe, lakini lengo lilikuwa kumpa Kazuya mshindani. Mtoto wa kulea akawa chombo cha kumchochea mtoto wa kuzaa.

Katika toleo la kwanza Kazuya, sasa mtu mzima, anamshinda baba yake na kumtupa kutoka mlima ule ule. Katika la pili Heihachi anarudi, anamshinda mwanawe na kumtupa ndani ya volkano. Katika la tatu imepita miaka 19, na anayetokea ni Jin Kazama, mwana wa Kazuya, ambaye babu yake anampokea, anamfundisha kupigana, kisha anampiga risasi. Katika la tano tunakutana na Jinpachi, baba wa Heihachi, ambaye mwanawe alimfungia chini ya ardhi. Katika la saba, la mwaka 2015, Kazuya anamshinda Heihachi na kumtupa kwenye lava. Toleo hilo hilo linatuambia kwamba Heihachi alimtupa mwanawe mlimani baada ya kumuua mama wa mtoto huyo, Kazumi, ili aone kama damu ya mama imeingia kwa mwana.

Vizazi vinne, na kila kizazi kinajua njia moja tu ya kumaliza ugomvi. Wanaotupwa nao hurudi. Mtu anayedhaniwa amekufa hutokea katika toleo lijalo akiwa na hasira zake zile zile. Heihachi mwenyewe alirudishwa mwaka 2024. Hapa mlezi ana nafasi nzuri ya kumwonyesha kijana tofauti: kurudi kwa namna hiyo si ufufuko. Mfufuka wa Pasaka aliwatokea waliomkimbia akawapa amani.

Shetani ndani ya damu

Sasa tuje kwenye neno linalowatia wazazi hofu. Kazuya na Jin wanageuka kuwa viumbe wenye mabawa na pembe, na mchezo unaita nguvu hiyo jeni la shetani, yaani kitu kinachorithiwa katika damu. Hata jina la Jin linatutatiza sisi wasemaji wa Kiswahili, kwa kuwa masikio yetu yanasikia "jini". Kumbe herufi ya Kijapani inayoandika jina lake ina maana ya utu, wema kwa binadamu mwenzako. Kijana mwenye shetani katika damu alipewa jina la utu, na katika swali la kipi kitashinda ndipo hadithi yake yote ilipo.

Mchezo unalieleza hilo hata kwa namna ya kupigana. Heihachi, Kazuya na Jin wa toleo la tatu wanapigana kwa mtindo mmoja wa ukoo, wenye ngumi inayotoa umeme. Katika toleo la nne, la mwaka 2001, Jin aliukataa mtindo huo kwa sababu aliichukia damu yake, akajifunza karate nyingine. Waliomzoea walilazimika kumjifunza upya kwa vidole vyao. Katika toleo la tano, mapigo ya zamani yalirudi kwa mhusika wa pembeni: Jin yule yule akiwa katika umbo la shetani. Mtu mmoja alikuwa amegawanyika, na mgawanyiko huo ukaonekana kwenye pedi.

Walezi, tuwe wazi kwa vijana. Kanisa halifundishi kwamba uovu hukaa kwenye damu ya ukoo fulani. Tunafundisha dhambi ya asili, inayotuhusu wanadamu wote, na tunafundisha pia utashi huru na neema ya Ubatizo. Nabii Ezekieli, katika sura ya 18, anaukataa msemo wa watu wake kwamba watoto hulipa makosa ya baba zao. Jambo hili si la Japani tu. Katika parokia zetu wapo vijana wanaoambiwa kwamba ukoo wao una laana, au kwamba watakuwa walevi kama baba zao. Kijana wa namna hiyo anapomchagua Jin kwenye skrini, anachagua mtu anayeuliza swali lake.

Jin naye alikosea vibaya. Katika toleo la sita alianzisha vita duniani kote ili amwamshe kiumbe aitwaye Azazel, amwangamize, na hivyo aondoe laana iliyo ndani yake. Nia ilikuwa kumaliza uovu. Njia ilikuwa maelfu ya wasio na hatia. Mtume Paulo, katika Waraka kwa Warumi sura ya 3, alishakataa hoja ya kutenda maovu ili mema yatokee. Hatujui mfano rahisi zaidi wa kuanzia somo la maadili kwa kijana wa miaka 16.

Padre mwenye kichwa cha chui

Kando ya ukoo wa Mishima kuna urithi mwingine, na huu haupiti kwenye damu. King ni mpiganaji wa mieleka kutoka Mexico, anavaa kinyago cha jagwa, yaani chui wa Amerika. King wa kwanza alikuwa yatima mgomvi aliyeanguka akiwa na majeraha mbele ya monasteri, akaokolewa na mapadre, na mwishowe akawa padre mwenyewe. Aliingia mashindanoni ili apate fedha za kujenga kituo cha yatima.

Habari hii ina mzizi wa kweli. Padre Sergio Gutiérrez Benítez wa Mexico alipigana mieleka kwa miaka mingi akiwa amevaa kinyago, kwa jina la Fray Tormenta, ili awalee watoto yatima. Watengenezaji wa Tekken walimchukua kuwa kielelezo cha King.

King wa kwanza hakuwa malaika. Mtoto mmoja wa kituo alipofariki alizama kwenye ulevi, na rafiki yake Armor King ndiye aliyemtoa. Baadaye aliuawa na Ogre. Hapo mmoja wa yatima aliowalea akavaa kinyago chake ili kituo kisifungwe. Mwanzoni hakujua kupigana, ikabidi Armor King amfundishe. Tangu toleo la tatu, King tunayemwona ni huyo wa pili.

Kisha Armor King naye akauawa na mtu aitwaye Craig Marduk. Katika toleo la nne King alimtafuta Marduk alipe. Alimshinda ulingoni, akamfuata hospitalini akiwa na nia ya kummaliza. Kando ya kitanda akaona picha ya Marduk na wazazi wake wazee. Akajiona alivyokuwa amemezwa na kisasi, akaondoka. Baadaye wawili hao wakawa marafiki.

Ni katika toleo hilo hilo la nne ambapo Jin, akiwa na uwezo wa kumuua babu yake, anapata maono ya mama yake na kumwacha hai. Mchezo wa ngumi, katika toleo moja, uliwafikisha wahusika wake wawili kwenye ushindi ukawafanya washushe mikono. Na katika toleo la nane Jin anaacha kuikimbia historia yake, anakiri aliyoyatenda, na anapomshinda baba yake hamuui. Ile nguvu inawatoka wote wawili. Hadithi haiishii hapo, maana mwishoni tunaonyeshwa Reina, binti wa Heihachi, akiwa na dalili zile zile. Kisasi kina watoto wengi.

Kila mtu kwa lugha yake

Kanuni moja zaidi inafaa kutajwa. Katika matoleo ya karibuni kila mhusika huzungumza lugha yake: Hwoarang Kikorea, Claudio Kiitalia, Shaheen Kiarabu. King hunguruma tu, na dubu Kuma vilevile. Wote wanaelewana bila mkalimani. Vijana hucheka, na kweli inachekesha. Lakini aliyesoma Matendo ya Mitume sura ya 2 ataona jambo: wahusika hawa wanaelewana kila neno, na bado wanapigana. Siku ya Pentekoste kuelewana kuliwaunganisha watu kwa sababu kulikuwa na Roho aliyewaunganisha.

Kwa walezi na wazazi

Tekken ni mchezo wa vurugu, na umri wa mtoto lazima uzingatiwe, pamoja na muda na fedha anazotumia. Hayo ni wajibu wa mzazi. Ila kwa kijana ambaye tayari anaucheza, kumkataza bila kumsikiliza hakutamfundisha kitu. Tunapendekeza umkalishe, umwombe akusimulie hadithi, kisha umwulize maswali haya:

1. Ni nani katika ukoo wa Mishima angeweza kuukomesha ugomvi, na lini? Kwa nini hakufanya hivyo?
2. King alirithi nini kutoka kwa mlezi wake ambacho Kazuya hakukipata kwa baba yake?
3. Ungekuwa wewe hospitalini, mbele ya kitanda cha Marduk, picha ile ingekutosha?
4. Kuna jambo lolote nyumbani kwenu ambalo ungependa liishie kwako, lisiende kwa watoto wako?

Swali la nne usilidai jibu siku hiyo. Likiwa limemgusa, atalirudia mwenyewe, pengine siku nyingine, pengine kwenye kitubio. Wajibu wetu ni kuwepo atakapokuja.